Ninunue mashine au nikodi? Jibu kwa mwalimu wa Chake Chake

"Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Machomane, Chake Chake. Alhamdulillahi tumehamia nyumba yetu ya matofali lakini bado haijamalizika. Madirisha saba hayana fimbo za mapazia, nataka rafu za vitabu, makabati ya jikoni, marumaru ya choo na jiko, na nondo mbili za dirisha la uwani zimeliwa na kutu, zinataka kukatwa. Mama yangu naye yuko Wete kwenye nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, anataka rafu mbili. Mume wangu husafiri, kwa hivyo kazi nyingi nitazifanya mwenyewe. Nilijifunza kidogo kwa marehemu baba. Upatu umenipa shilingi 900,000. Dukani nimeambiwa drili ya kawaida 140,000, drili kubwa ya zege 320,000, grenda 110,000, msumeno wa umeme 190,000 na mashine ya kukatia marumaru 260,000. Fundi jirani atanikodisha yoyote kwa 15,000 kwa siku. Shemeji yangu anasema kukodi ni kutupa pesa, chombo ni mali, bora ninunue zote pole pole. Mdogo wangu aliyeko Muscat anasema ataniletea seti ya betri. Nifanyeje?"

Waalaykum salaam warahmatullah, Mwalimu. Swali lako hunifikia karakanani karibu kila wiki, lakini hunifikia likiwa limechelewa. Mtu huleta mashine imekufa, huuliza kama inatengenezeka, na nikimuuliza ameitumia mara ngapi tangu ainunue, hesabu yake haivuki vidole vya mkono mmoja. Wewe umeuliza pesa ya upatu ikali mkobani. Kwa hivyo nitakujibu kwa urefu.

Naona linalokusumbua ni hili. Ukinunua zote, jumla yake ni 1,020,000, umeshapita upatu wako kwa 120,000 na bado hujanunua biti (kile chuma cha kutobolea kinachofungwa mbele ya drili) hata moja. Ukikodi, unahofia kila siku 15,000 inaondoka na mkononi hapabaki kitu. Na juu ya hapo kuna neno la shemeji, ambalo si neno la kupuuza. Chombo ni mali, kweli. Ila ni mali kwa seremala anayeamka nacho kila asubuhi. Kwetu sisi watu wa visiwani, mashine ya umeme iliyowekwa juu ya kabati haikai kama ulivyoiweka, na hili ndilo ningependa ulielewe kabla hatujagusa hesabu.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya umeme, hapa Unguja, zaidi ya miaka ishirini sasa. Vinavyoletwa na mafundi hufa kwa kazi: kaboni zimekwisha, meno ya gia yamelika, waya umekatika kwenye shingo ya mpini. Hivyo vina dawa. Vinavyoletwa kutoka majumbani hufa kwa kukaa, na huo ndio ugonjwa mgumu zaidi.

Ifungue drili yoyote uone. Katikati mna rota iliyosukwa waya wa shaba uliopakwa vanishi. Nyuma yake mna mviringo wa vipande vya shaba, na juu ya vipande hivyo vinasugua vijiti viwili vya kaboni, vikisukumwa na springi. Umeme unapita kwenye kaboni, unaingia kwenye shaba, rota inazunguka. Mbele na nyuma kuna beringi za chuma. Sasa fikiria hewa yetu. Upepo wa bahari unabeba chumvi, nayo huingia ndani kupitia matundu yale yale ya kupoozea mota. Chumvi ina tabia ya kuvuta maji: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi huanza kuyeyuka yenyewe, na usiku wetu mwingi hupita kiwango hicho. Basi kila usiku, ndani ya drili iliyolala, kuna tone dogo la maji ya chumvi juu ya shaba na juu ya beringi. Shaba inaota ukungu wa kijani, springi ya kaboni inashika kutu na kukwama, beringi inakauka. Siku ukiiwasha, kaboni haigusi shaba sawasawa, cheche zinakuwa kubwa, vipande vya shaba vinaungua. Unasikia harufu, unaona moshi, unasema umeuziwa feki.

Mashine inayofanya kazi haipati haya, au huyapata kidogo. Joto la kazi hukausha unyevu, na msuguano wa kaboni husafisha shaba. Niliyaona haya kwa macho yangu Unguja ilipokosa umeme kwa miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Mafundi wenye jenereta waliendelea kutumia mashine zao. Wasiokuwa nazo walizifunga. Umeme uliporudi, foleni iliyokuja kwangu ilikuwa ya mashine zilizofungwa, nyingine nzuri kabisa, za bei. Miezi mitatu tu.

Kwa hivyo usijiulize kama utaihitaji mashine hii siku moja. Siku moja kila mtu atahitaji kila kitu. Jiulize ni siku ngapi kwa mwaka itazunguka. Mashine isiyozunguka walau mara moja kwa mwezi, kwetu hapa, unailipia mara mbili: bei ya dukani, kisha bei ya kuoza kwake.

Sasa hesabu, kwa bei ulizonipa. Drili kubwa ya zege ni 320,000. Ukigawa kwa 15,000 unapata siku 21 na kitu. Shemeji atasema, lakini nikimaliza naiuza. Sawa, tumpe haki yake: tuseme umeiuza nusu bei, basi umepoteza 160,000, sawa na siku 11 za kukodi. Wewe kwa kazi ulizoziorodhesha unaihitaji siku moja, ukizembea mbili. Mashine ya marumaru ni 260,000. Ukiiuza nusu bei umepoteza 130,000, karibu siku tisa, na kazi yako ni ya siku tatu. Drili ya kawaida ni 140,000. Nusu yake ni 70,000, siku tano hazifiki. Siku tano za drili katika nyumba mpya utazimaliza kabla ya Ramadhani ijayo. Na kuna jambo ambalo hesabu hii hailionyeshi: drili ndogo huitwa kwa kazi ya dakika kumi. Kitasa kimelegea, kamba ya nguo inataka ndoano, saa ya ukutani imeanguka. Kulipa 15,000 kwa tundu moja hakuna atakayelipa, kwa hivyo tundu halitobolewi na nyumba inabaki na viporo.

Jibu langu basi ni hili: nunua drili moja ya kawaida, nzuri. Kodi drili kubwa kwa siku moja. Vingine usinunue wala usikodi, na nitakueleza kwa nini.

Nianze na mapazia, maana hapo ndipo wengi hukosea na kununua drili kubwa bila ya haja, au huua drili ndogo. Nyumba yako ni ya matofali ya saruji. Tofali lenyewe si gumu, drili ya kawaida yenye alama ya nyundo hulitoboa bila taabu. Lakini fimbo ya pazia haikai kwenye tofali. Inakaa juu ya dirisha, na juu ya dirisha pana lenta, zege lenye kokoto na nondo. Mtu anatoboa rafu sebuleni vizuri, anafika dirishani, biti inazunguka na kulia tu, haiingii. Anasukuma kwa nguvu zote, drili inachemka, na siku hiyo hiyo inaletwa kwangu.

Tofauti iko ndani. Drili ya kawaida ikiwekwa kwenye nyundo, mna visahani viwili vya meno vinavyosagana, biti ikawa inadundadunda. Midundo ni mingi sana kwa dakika, lakini kila mdundo ni mdogo, na nguvu yake inatoka begani mwako. Drili kubwa ya zege haina visahani hivyo. Mna pistoni ndani ya silinda, inasukuma hewa, hewa inakirusha kipande cha chuma, nacho kinagonga kitako cha biti. Wewe huhitaji kusukuma. Unaishikilia tu na kuielekeza. Tundu la lenta ambalo drili ndogo italilia robo saa, hii inalimaliza kwa muda mfupi tu. Ikigonga nondo utasikia: sauti inabadilika, inalia chuma, na biti haiendi tena. Usilazimishe. Sogeza tundu kidogo upande. Na ishike kwa mikono miwili, kishikio cha pembeni kikiwa kimekazwa, kwa sababu biti ikikwama ghafla mashine yenyewe ndiyo itakayotaka kuzunguka, na kifundo cha mkono ndicho kitakacholipa.

Ujanja wa kukodi ni kukusanya kazi. Wiki nzima kabla ya siku yenyewe, zunguka nyumba na penseli na rula. Weka alama kila tundu la lenta: madirisha saba, kila fimbo vishikio viwili, na madirisha mapana kitatu cha katikati. Ongeza tundu la bomba la maji kama lipo, ndoano ya tangi, chochote kinachogusa zege. Uwe na biti za ukubwa unaotakiwa, fisha za plastiki (vile vinavyoingizwa tunduni ili skrubu ishike) na skrubu zimeshanunuliwa. Hapo Jumamosi asubuhi unachukua mashine, na kabla ya adhuhuri madirisha yote yamekwisha. Anayekodi kwanza kisha akaanza kupima, siku ya kwanza humwishia kwenye kupima, siku ya pili kwenye kufuata fisha mjini, na ya tatu kwenye kazi. Huyo ndiye anayekuja kusema kukodi ni kutupa pesa.

Kabla hujaondoka nayo, iwashe pale pale mbele ya mwenyewe. Isikilize ikizunguka bila kazi: sauti iwe moja, isikwaruze. Tazama kwenye matundu ya nyuma. Cheche ndogo za buluu ni kawaida, duara la moto si kawaida. Pita kidole kwenye waya wote kutoka plagi mpaka mpini, mashine ikiwa imechomolewa. Ipige picha kwa simu. Kubalianeni siku inahesabiwaje, mpaka magharibi au saa ishirini na nne, na biti ikivunjika ni ya nani.

Hili la dhamana naomba ulichukulie kwa uzito, kwa sababu najua baada ya kusoma hapa kuna jirani atakwambia, ya nini kukodi, chukua yangu bure. Kukodi na kuazima si kitu kimoja. Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi wanatufunza kuwa aliyekodi mkono wake ni mkono wa amana: chombo kikiharibika bila yeye kuzembea wala kukiuka makubaliano, halipi. Aliyeazima ni mdhamini: kikipotea au kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, analipa, hata kama hakuzembea. Wengi tunadhani ni kinyume chake, kwamba cha bure hakina deni. Nimeona majirani wa miaka mingi wakiacha kusalimiana kwa grenda ya kuazima. Elfu kumi na tano ya kukodi inanunua pia amani hiyo.

Drili ya kununua sasa. Usivutwe na wati nyingi. Kati ya wati 600 na 750 inakutosha. Kubwa zaidi ni nzito juu ya ngazi, na mkono ukichoka tundu linakwenda upande. Iwe na swichi ya kuzima nyundo, kwa ajili ya mbao na kwa ajili ya nyumba ya mama, nitaifikia. Iwe na kidude cha kuongeza na kupunguza kasi. Muulize muuzaji swali moja ambalo ni wachache huuliza: kaboni za mashine hii unazo? Kama hana, na hajui zinapatikana wapi, basi umenunua mashine ya kutumia mara moja. Ukiwa Pemba hili lina uzito zaidi, kwa sababu kipuri kisichopatikana Chake maana yake ni kukisubiri kivuke na boti kutoka Unguja.

Soma na kibati cha pembeni. Kiandikwe volti 220 mpaka 240. Katika bidhaa za mitumba zinazoshuka bandarini huja mashine imara sana zenye plagi ya njano ya duara. Hizo zinatoka kwenye majenzi ya Uingereza, ambako kwa usalama wa wafanyakazi hutumia volti 110. Za Marekani ni 120, za Japani ni 100. Kuna watu hukata ile plagi, wakaweka ya kwetu ya vichwa vitatu na kuziuza. Ukiiwasha kwetu inanguruma kwa nguvu ya ajabu kwa muda mfupi, kisha basi. Kuhusu alama, ukiona mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, maana yake mashine ina kinga mbili, na ndiyo sababu waya wake una nyaya mbili tu bila ya ule wa ardhini. Si kasoro.

Na ukiinunua, itunze dhidi ya ule usiku niliousema. Ukimaliza kazi, izungushe bila mzigo dakika moja ipoe na kupuliza vumbi. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani kwenye sehemu za chuma. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usiiweke sakafuni wala jikoni. Kila mwezi, hata kama huna kazi, iwashe dakika mbili.

Waya wa kurefushia nao una sehemu yake katika vifo vingi. Tuseme mashine ya wati 2,000, inavuta karibu ampea 9. Ukiiunga kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 30, volti 12 hivi zinapotea njiani. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 zinapotea chini ya nne. Pemba inapata umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na mambo si kama zama za majenereta ya dizeli, lakini jioni watu wakiwasha vyote, mitaani volti hushuka bado. Volti ikishuka, mota inazunguka pole pole, na feni inayoipooza imefungwa kwenye rota hiyo hiyo, kwa hivyo nayo inapuliza kidogo. Wewe unaona kazi haiendi, unasukuma zaidi, mota inavuta ampea zaidi, joto linapanda na upepo umepungua. Vanishi ya waya inaungua hapo. Fanya kazi nzito asubuhi, tumia waya mnene, na uukunjue wote. Ukibaki umezungushwa kama kata ya kamba unachemka wenyewe mpaka plastiki ikayeyuka.

Msumeno wa umeme sikushauri kuununua wala kuukodi. Chora makabati yako, andika vipimo vya kila ubao, uvipeleke karakana ya seremala mwenye mashine ya meza. Atakukatia kwa saa moja, umlipe kwa mikato, na mbao zitakuja zimenyooka kuliko utakavyozikata wewe au mimi kwa msumeno wa mkononi. Kuunga, kupiga msasa na kufunga bawaba utafanya nyumbani kwa drili yako.

Marumaru ya jikoni ukitaka kujifunza, jifunze hapo. Kwa mikato iliyonyooka kuna kikatio cha mkono kisichotumia umeme, kinakwaruza mstari kisha kinavunja, na mafundi wengi hukikodisha. Choo, Mwalimu, mwachie fundi wa marumaru aje na mashine yake. Sakafu ya choo ina mwinamo wa kupeleka maji kwenye tundu, na ukikosea hugundui mpaka maji yamesimama pembeni na yameanza kuingia ukutani. Kukibandua na kuanza upya kunakula pesa kuliko ujira wa fundi.

Grenda nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kwa bei na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Kisahani cha milimita 115 kikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kilomita 240 kwa saa, zaidi kidogo ya mara mbili ya gari lililopigwa mbio. Kikipasuka, vipande vinaruka kwa mwendo huo. Na kisahani hicho ni chembe zilizogandishwa kwa gundi, nayo gundi huharibika kwa unyevu. Tazama kwenye kile kipete cha chuma katikati: kuna tarehe, na vya viwango huhesabiwa miaka mitatu. Vinavyouzwa vikiwa vimening'inia mlangoni mwa duka kusi na kaskazi, wengi hawazisomi tarehe hizo. Kwa nondo mbili, muite fundi wa kuchomelea. Atakata na kuchomelea nondo mpya kwa safari moja, kazi ambayo grenda peke yake isingeimaliza.

Sasa mdogo wako wa Muscat. Umeme wa kule ni volti 240 na plagi za vichwa vitatu kama zetu, kwa hivyo chaja haitakuletea taabu. Swali ni betri. Betri za lithiamu huzeeka kwa miaka hata kama hazijatumika, na huzeeka haraka zaidi kwenye joto, tena zikikaa zimejaa pomoni. Seti ya mashine nne zinazotegemea betri mbili ni mashine nne zitakazokwama siku moja, na betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye chombo cha kampuni nyingine. Ukimkubalia, mwambie alete drili moja tu ya betri, yenye chaja na betri mbili, ya kampuni ambayo yeye mwenyewe ataweza kukununulia betri nyingine baada ya miaka. Akiona moja imeandikwa volti 18 na nyingine 20 asilipe zaidi kwa hiyo 20. Mara nyingi ni betri ile ile, moja imepimwa ikiwa kazini na nyingine ikiwa imejaa. Akisafiri nazo kwa ndege, betri za ziada ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la mizigo, na isizidi wati-saa 100 kila moja; volti 18 mara ampea-saa 5 ni 90, inapita. Nyumbani zikae nusu chaji, kivulini. Hilo likitimia, huhitaji kununua ya 140,000 mara moja. Subiri uijaribu ya betri kwenye matofali, uone kama inakutosha.

Ukiinunua ya dukani, drili ni 140,000 na siku moja ya kukodi ni 15,000: jumla 155,000. Inabaki 745,000 ya mbao, waya mnene, biti, ujira wa mafundi, na miwani. Miwani usiikate kwenye bajeti. Na barakoa iwe ile iliyoandikwa FFP2 au N95, si ya buluu ya hospitali, kwa sababu vumbi la zege na marumaru lina silika, na silika ikifika kwenye mapafu haitoki. Mtandio ufunge kwa nyuma na mikono ya nguo uikunje mpaka kwenye kiwiko kabla hujawasha chochote kinachozunguka. Biti ikishika nguo huivuta kwa kasi ambayo kidole hakiwahi kuachia swichi.

Kuna mahali pia ambapo mimi wa mbali sikufai, utahitaji mtu aje aone. Kabla ya siku ya lenta, mwite fundi umeme apite nawe kwenye alama zako za penseli. Nyaya za ukutani huteremka wima kutoka juu mpaka kwenye soketi na swichi, kwa hivyo usitoboe juu wala chini yake, lakini nyumba zetu nyingi waya umepita mshazari, ulivyomfaa fundi wa siku ile. Akiwa hapo, akuonyeshe kama boksi lako la umeme lina ile swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30, yenye kitufe cha kujaribia. Kibonyeze, isipokata, usishike mashine mpaka ibadilishwe. Na mashine yoyote, yako au ya kukodi, ikikutekenya kwa umeme hata kidogo, ichomoe na iende kwa fundi. Usiijaribu mara ya pili ukiwa umevaa ndara.

Nyumba ya mama nayo. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hautaki nyundo kabisa. Jiwe lenyewe ni laini na lina vishimo, na chokaa iliyoshikilia mawe ni laini zaidi. Ukiuwekea midundo, tundu la milimita 8 linakuwa la 20, na lipu inayoizunguka inaachia ukutani. Zima nyundo, punguza kasi, acha biti ikwangue taratibu. Fisha fupi ya plastiki haitashika. Tumia ndefu, au ufanye kama walivyofanya wazee, chonga kigingi cha mti mgumu, ukigonge mpaka kijae, kisha skrubu iingie kwenye kigingi. Ukitoboa ukaona mchanga mkavu unamiminika bila kusita, au ukuta ukigongwa unalia mtupu, acha hapo hapo na mtafute fundi mwashi anayejua chokaa, si wa saruji, autazame ukuta wote kabla ya rafu.